Mtoto Asitapo: Ushujaa ni wa Nani?

Katika shule moja tuliyofundisha zamani alikuwako mtoto hodari wa kuruka juu. Siku moja aligonga ufito kwa mgongo, akaanguka vibaya katika shimo la mchanga. Maumivu yalikwisha kwa juma moja. Lakini toka siku ile, kila alipoukimbilia ufito, miguu yake ilisita hatua mbili kabla ya kufika, akasimama. Sisi, kwa kudhani kwamba aibu ni dawa ya woga, tulimwuliza mbele ya wenzake kama ushujaa wake ameusahau nyumbani. Wenzake wakacheka. Kesho yake hakuja uwanjani.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza: mlezi ana haki gani juu ya ushujaa wa mtoto?

Wahenga walinena kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawakusema kwamba yu mvivu, wala kwamba ni mkaidi. Na jambo hili huwapata hata mabingwa. Simone Biles wa Marekani alikuwa amekwisha kupata medali nne za dhahabu za jimnastiki katika Olimpiki ya mwaka 2016. Mwaka 2021, mjini Tokyo, aliruka akikusudia kujizungusha hewani mara mbili na nusu. Akazunguka mara moja na nusu tu, kwani alipotewa na hisia ya mahali mwili wake ulipo. Akajitoa katika shindano la timu. Wako waliomshutumu; walakini kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Baada ya juma moja alirudi kwenye mchezo wa boriti, akachagua namna ya kushuka isiyohitaji kujizungusha kama pia, akapata medali ya shaba. Mwaka 2024, mjini Paris, alipata tena medali tatu za dhahabu.

Huenda msomaji akauliza: tukimwachia kila mtoto anayesita, je, hatutalea kizazi cha watoro? Hoja hii ina uzito. Lakini kuushusha ufito si kuuondoa. Ustadi uliozoewa na mwili hutendeka bila kufikiriwa. Woga ukiingia kati, akili hutaka kuamuru kila hatua, na mguu hupotea njia. Kemeo la mlezi huwa sauti nyingine tu katika ghasia hiyo. Sisi walimu wa lugha twalijua sana jambo hili: mwanafunzi anayepatanisha ngeli vyema katika daftari lake huwa bubu darasani akisahihishwa kila atamkapo neno.

Kwa hiyo tulikwenda nyumbani kwa mtoto yule, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Aliporudi uwanjani tuliuweka ufito usawa wa magoti, wala hatukumwuliza utapanda lini. Maana saburi inayohesabu siku kwa siri, mtoto huitambua upesi. Baada ya majuma mengi aliupandisha kwa mkono wake mwenyewe, kidogo kidogo.

Kimo chake cha kwanza hakukifikia tena, wala hatukumdai. Ushujaa ulikuwa wake. Wajibu wetu ulikuwa kuhakikisha kwamba, arukapo au asimamapo, nafasi yake miongoni mwetu ni ile ile.