Sifa ya Mtaalamu

Tamaa ya kusifiwa si aibu. Fundi hupenda kazi yake ijulikane, tabibu hupenda wagonjwa wamtaje kwa wema, na msomi aliyekesha miaka juu ya vitabu hustahili kuulizwa neno katika elimu yake. Zamani sifa ya namna hii ilikwenda kwa miguu. Katika milima ya Uluguru mtu hodari wa kilimo alijulikana kwanza kwa jirani zake, walioliona shamba lake katika mwaka wa mvua na katika mwaka wa ukame. Ndipo jina lake likavuka bonde. Siku hizi sifa husafiri kwa simu. Kijana mwenye shahada ya kilimo aketiye Morogoro mjini aweza kusema maneno ya dakika mbili juu ya kabichi katika mtandao wa kijamii, na kabla ya jua kuchwa yakasikilizwa Mbeya, Mombasa na Maskati. Je, ni haki mtu kujijengea jina la mtaalamu mbele ya watu wasioweza kumpima?

Wako wanaojibu upesi kuwa si haki, na matangazo hayo yote wakayaita majivuno. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimekuwapo Morogoro tangu 1984, chini ya milima hiyo, na elimu nyingi iliyopatikana humo imelala katika tasnifu zilizoandikwa kwa Kiingereza, ambazo mkulima wa Mgeta au wa Kinole hazioni wala hazisomi. Aitoaye elimu hiyo rafuni akaieleza kwa Kiswahili amefanya wema, hata kama moyoni alitafuta sifa.

Ubaya uko mahali pengine, nao ni wa zamani kuliko simu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unateremka na maji, ikaleta mpango wa matumizi ya ardhi. Walioubuni hawakuwa walaghai. Walikuwa watu wa elimu, na hofu yao juu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Waliamuru miteremko ichimbwe matuta ya ngazi. Katika sehemu za Mgeta, ambako watu walilima mboga na kuzinyweshea, ngazi zilifaa. Upande wa Matombo udongo mzuri ni mwembamba: jembe lililokata ngazi liliufukia udongo wa juu, likafunua ule wa chini usio na rutuba, na pengine maji yaliyotuama katika matuta yaliporomosha ardhi. Wakulima waliyaona hayo na kuyasema. Hawakusikilizwa, kwa kuwa hawakuwa na jina katika elimu ya udongo. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kuyakataa matuta. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Jina la mtaalamu lilikuwa limekwisha kujengwa kwingine, likaletwa milimani likiwa kamili, na mlima haukupewa nafasi ya kulihoji. Sifa ya mtandaoni ina hatari iyo hiyo, ila leo amri haimo: mkulima hufuata kwa hiari, na akipata hasara hujilaumu mwenyewe. Wingi wa wafuasi humwambia kuwa wengi wamesikia. Haumwambii wangapi walipanda, wala wangapi walivuna. Zaidi ya hayo, mtandao humtunza anayejibu upesi na kwa yakini. Swali likitoka katika mteremko asioujua, jibu la kweli ni kusema, "Sijui, nionyeshe kwanza udongo wako." Jibu hilo halimwongezei mtu wafuasi.

Katika jambo hili panya wa Morogoro wamewashinda watu. Panya buku wafundishwao hapo kunusa mabomu ya kutegwa ardhini hawapelekwi kazini mpaka wafaulu mtihani katika uwanja uliofichwa mabomu, wala kukosa moja hakusamehewi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia miaka kadhaa ndipo alipopewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 2020, na picha yake ikaenea duniani kote. Sifa ilimkuta kazini.

Mwanadamu, bila shaka, hana mwalimu wa kumtangaza, naye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Kumtaka mhitimu asiye na ajira anyamaze mpaka dunia imgundue ni kumtaka afe njaa kwa heshima. Linaloweza kudaiwa kwake ni dogo zaidi, lakini ni gumu: aseme alijaribu wapi, katika udongo upi, kwa misimu mingapi, na shamba lililoharibika alionyeshe kwa picha ile ile safi aliyolionyeshea lililostawi. Atakayefanya hivyo atachelewa msimu mzima nyuma ya wenzake, na katika msimu huo wafuasi watakuwa wao.