Mzigo na Ila Yake

Kigwa ni kijiji kilichopo mashariki ya Tabora, katika wilaya ya Uyui. Katika karne ya kumi na tisa kilikuwa kituo kimojawapo cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikaishia Ujiji kwa kupitia Unyanyembe. Stanley alipita hapo mwezi wa Juni 1871, siku chache kabla ya kufika Kwihara. Kabla yake na baada yake walipita wapagazi wasiohesabika, wengi wao Wanyamwezi, wakipandisha bara nguo, shanga na nyaya za shaba, na wakiteremsha pwani pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mpagazi hakuulizwa rai yake juu ya alichokibeba. Aliulizwa jambo moja tu: je, mzigo umefika kama ulivyofungwa?

Misafara imekwisha, lakini swali hilo lingalipo. Na achukuliwe mfano wa kijana wa Kigwa ya leo, aliyeketi chini ya mwembe jioni, mkononi ana simu ya bei nafuu, anacheza kandanda. Mchezo anaoucheza haukutungwa kwa ajili ya simu. Ulitungwa kwa ajili ya PSP, mashine ndogo ya kampuni ya Sony iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2004 na ambayo sasa haitengenezwi tena. Yamkini kijana huyo hajapata kuiona PSP kwa macho yake. Kilichomo ndani ya simu yake ni programu iitwayo PPSSPP, iliyotolewa mwaka 2012, ambayo kazi yake yote ni kujifanya kuwa ndiyo ile mashine. Programu za aina hii huitwa emuleta.

Si vigumu kufahamu emuleta hufanya nini. Kila mchezo wa zamani uliandikwa kwa amri zinazoeleweka na chipu moja maalumu, na ukiwekwa mbele ya chipu nyingine unakuwa kama barua iliyofika kwa mtu asiyeijua lugha yake. Emuleta hukaa katikati kama mkalimani. Huisoma kila amri, huifasiri, kisha hujibu kama ambavyo mashine ya kwanza ingalijibu. Ikifanya kazi yake barabara, mchezo haujui kwamba umehamishwa. Unadhani ungali kwao.

Haja ya kazi hii si ndogo. Mwaka 2023 wakfu wa Marekani unaoshughulikia historia ya michezo ya video ulitoa utafiti ulioonyesha kwamba katika kila michezo 100 iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, 87 haipatikani tena sokoni. Mashine zake zinaoza, na waliozitengeneza wameshageukia biashara nyengine. Kuhusu uhalali, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2000, katika shauri la Sony dhidi ya kampuni ya Connectix, kwamba kuichunguza mashine kwa nia ya kutunga emuleta yake si wizi. Kugawa nakala za michezo ya watu bila ya idhini ni jambo jengine, na sheria ya huko hailitetei. Hata wenye mali wenyewe wameishia kupita njia hiyo hiyo. Nintendo ilipotoa mwaka 2016 kijisanduku chenye umbo la mashine yake ya miaka ya 1980, ndani ya kijisanduku kile mlikuwa na emuleta.

Basi suala si kama kazi za kale zibebwe au zisibebwe. Suala ni la mbebaji: mwenye kuichukua kazi ya mtu mwengine na kuivusha katika mwili mpya, je, ana haki ya kuisahihisha?

Akili ya haraka hujibu: kwa nini asiwe nayo? Ikiwa mashine ya zamani ilikuwa na kasoro, kasoro hiyo ina thamani gani hata ibebwe? Lakini wahenga wamesema kizuri hakikosi ila, na historia ya michezo hii inaonyesha kwamba mara nyengine uzuri umejishikiza kwenye ila yenyewe. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Japani alitunga Space Invaders, mchezo wa kuzuia kundi la maadui wanaoshuka kutoka juu. Chipu aliyoitumia ilikuwa dhaifu. Maadui walipokuwa wengi, kuwachora wote kuliichukua muda, nao wakaenda polepole. Kila alipouawa mmoja, kazi ya chipu ikapungua na waliosalia wakaongeza mwendo, hata yule wa mwisho akawa anakimbia na moyo wa mchezaji unakimbia naye. Udhaifu wa chipu ndio uliozaa hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa mchezo. Lau mbebaji angeipa mashine ile nguvu bila ya kujali mwendo wake wa asili, angefikisha maadui na kuiacha roho yao njiani.

Mfano wa pili ni wa ndani zaidi. Mwaka 1995 ulitolewa mchezo mmoja wa Speedy Gonzales kwa ajili ya Super Nintendo. Kwa miaka mingi kila aliyeucheza kwenye emuleta alifika mahali fulani karibu na mwisho, akagusa swichi, na mchezo ukaganda. Sababu ilikuwa kosa la watungaji wenyewe: hapo mchezo husoma katika kumbukumbu mahali pasipo na kitu. Kwenye mashine halisi, asomaye mahali patupu hupata masalio ya namba iliyopita, iliyokuwa bado katika nyaya, na masalio hayo ndiyo yaliyoufungua mchezo uendelee. Emuleta zilirudisha jibu safi kuliko lile la mashine, na usafi huo ndio uliouua mchezo. Ulipona pale tu mtungaji wa emuleta iitwayo bsnes, aliyejulikana kwa jina la byuu, alipokubali kuiga hata yale masalio.

Mpenzi wa mashairi hahitaji kwenda Japani ili alielewe jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, yakakusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha yakachapwa mwaka 1940 kwa herufi za Kirumi chini ya uhariri wa Hichens. Hapo pia kazi ya kale ilivushwa katika mwili mpya. Na achukuliwe mhariri mwenye nia njema akutanaye na neno la Kimvita “mato”, akaona kuwa msomaji wa leo amezoea “macho”, akalibadilisha. Mizani haikupungua, maana haikupotea, na msomaji amerahisishiwa. Lakini ikiwa neno hilo lilikaa kwenye kina, likiitikiana na moto, ndoto na kokoto, basi ubeti umevunjika, na atakayeusoma baadaye atadhani kwamba mshairi ndiye aliyeshindwa na vina. Mshairi amelipa deni la mhariri.

Madhara hayaishii kwenye kosa moja, kwani kosa la mbebaji huzaa. Katika miaka ya emuleta za mwanzo, watu wa kujitolea walifasiri michezo mingi ya Kijapani kwa Kiingereza, wakazijaribu tafsiri zao kwenye emuleta ambazo hazikuwa aminifu. Baadaye ikabainika kuwa baadhi ya tafsiri hizo hazikuweza kwenda kwenye mashine halisi, kwa sababu zilijengwa juu ya makosa ya emuleta. Nakala ilikuwa imepata watoto wasiotambulikana nyumbani kwa babu yao.

Mpaka hapa ushahidi wote unaelekea upande mmoja: mbebaji na abebe, asiguse. Lakini uaminifu una bei, na bei hiyo hailipwi na mbebaji peke yake. Mwaka 2011 byuu alieleza kwamba emuleta za miaka ya 1990 ziliweza kuchezesha michezo ya zamani kwenye kompyuta ya megahezi 25, lakini kuiga kwa uaminifu kamili kulihitaji kompyuta ya takriban gigahezi 3, yaani nguvu zaidi ya mara mia moja. Mashine yenyewe iliyoigwa haikufika hata megahezi 4. Ni nani aliyekuwa na kompyuta ile ya nguvu? Kwa hakika hakuwa kijana wa Kigwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ni wepesi kuhimiza uaminifu kwa mtu ambaye kifaa chake hakilemewi nao. Lau kila emuleta ingedai ukamilifu ule, urithi ungehifadhiwa vizuri sana kwa ajili ya wale ambao tayari wanavyo vingi, na wengine wangebaki kusikia habari zake.

Kwa hiyo pana haki mbili, na zote ni haki. Marehemu, au kazi ya aliyetangulia, ina haki ya kufika kama ilivyokuwa. Aliye hai naye ana haki ya kuipokea kwa uwezo alionao. Je, zikigongana?

Jibu moja lilipatikana katika nchi hiyo hiyo ya njia ya misafara, miaka miwili tu baada ya Stanley kupita Kigwa. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdalla Susi na James Chuma, wakauzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaanza safari ya kuurudisha pwani. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa. Mbele kidogo, mahali palipoitwa Kasekera, wenyeji hawakuridhia maiti apitishwe katika nchi yao. Wabebaji wakatangaza kwamba wanaurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Usiku wakaufungua, wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa kawaida wa msafara. Halafu wakachukua mabua, wakayakata kwa kimo cha mtu na kuyaviringisha nguo kama maiti, na watu wachache wakayabeba kurudi nyuma, wakayatupa njiani. Mtumba ukaendelea na safari ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Siku ile palikuwa na mafurushi mawili. Lililofanana na maiti lilikuwa mabua, na lililofanana na mtumba wa nguo ndilo lililokuwa na mwili. Wabebaji walibadilisha sura ya nje kadiri njia ilivyowalazimisha, lakini kilichokuwa ndani hawakukigusa, na wao wenyewe hawakusahau lipi ni lipi. Simu ya kijana wa Kigwa haifanani hata kidogo na PSP, na hilo si kosa. Kosa lingekuwa kumkabidhi mabua na kumwambia kuwa huo ndio mwili.

Mwili ulipofika London, daktari Sir William Fergusson aliuchunguza mkono wa kushoto, akaukuta mfupa uliovunjwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844 na ambao haukupata kuunga sawasawa. Kwa ila ile akathibitisha kwamba huyu ndiye. Susi na Chuma hawakuwa matabibu wa mifupa, lakini hata kama wangaliujua ubovu ule na kuweza kuunyoosha, kuunyoosha kungaliufuta ushahidi wa uaminifu wao wenyewe.

Huo ndio mpaka kati ya kupunguza na kughushi. Apunguzaye husema anapunguza, na huacha njia ya kurudi kwenye asili, aghushiye hunyamaza. PPSSPP ina mipangilio ya kuruka baadhi ya picha ili simu dhaifu isilemewe. Mipangilio hiyo imeandikwa wazi, na mtu akipata simu bora huizima, mchezo ukarejea ulivyokuwa. Hiyo si khiyana. Kwa upande mwengine MAME, emuleta ya michezo ya kumbi iliyoanzishwa mwaka 1997 na Nicola Salmoria na kuendelezwa na mamia ya watu wa kujitolea, hutangaza kwamba lengo lake ni kuhifadhi namna mashine zilivyofanya kazi, na kwamba kuchezeka kwa michezo ni faida ya ziada. Nayo imesema kweli. Mhariri wa mashairi anaweza kuwa mkweli vivyo hivyo: “mato” na libaki katika ubeti, “macho” na lielezwe chini ya ukurasa. Msomaji husaidiwa bila ya mshairi kuvunjiwa heshima.

Tena kazi hii haina siku ya kukamilika. Simu hubadilika, mifumo yake hubadilika, na emuleta iliyokwenda jana hukataa kesho, kwa hiyo kila baada ya muda lazima itolewe upya. Anayetoa toleo jipya mara nyingi si yule aliyetoa la kwanza. Njia ya misafara nayo haikubebwa na mtu mmoja; wengine waliugua, wengine waliishia kwao, na mizigo ikapokewa na mabega mengine. Kila anayepokea hushawishika kurekebisha kidogo, na hayupo mwenye mali wa kumuona. Hapo amana hubaki mikononi mwa mbebaji peke yake, naye ndiye anayeamua kama jina hilo linamstahiki.

Kijana wa Kigwa hatajua majina ya waliomletea mchezo wake. Atajua tu kwamba mpira ulikwenda ulivyopaswa kwenda, pamoja na kipa yule ambaye tangu mwanzo alikuwa akikosea kuruka.