MKOPO RAHISI NA NYUMBA YA JIRANI



Wako wasemao kwamba benki imkopeshayo kila aombaye ina huruma, maana humsaidia maskini kupata nyumba. Yatupasa kulipima neno hili.

Tuseme hapa Nassa vinauzwa viwanja vitatu, na watu watano wanavitaka. Benki ikiwakopesha wanne bila kuuliza watalipaje, viwanja vitabaki vitatu vile vile. Kitakachoongezeka ni bei, kwa kuwa kila mmoja sasa aweza kumpita mwenzake. Wa tano, mjane aliyeweka akiba ya pamba yake bila kukopa, hatakipata kiwanja tena. Naye aliyekopa kupita uwezo wake, mvua zikikosa, atanyang'anywa nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani. Benki ziliwakopesha wengi pasipo kuchunguza mapato yao, bei za nyumba zikapanda mno, kisha zikaanguka. Kuanzia mwaka 2007 mamilioni ya watu walipoteza nyumba zao.

Kwetu ilikuwa kwa namna nyingine. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilikopesha watu wajenge. Mikopo mingi haikurudishwa, na mwaka 1995 benki hiyo ikafungwa. Waliokuja nyuma wakakuta mlango umefungwa. Sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, miaka 13 baadaye. Basi, asiyelipa deni hali mali ya benki tu, bali hula matofali ya jirani ambaye zamu yake haijafika.

Mtu aweza kujibu: "Masharti yakikazwa, maskini asiye na mshahara atajenga lini?" Swali hili ni la haki. Lakini kumpima mtu si kumfukuza. Mkulima apimwe kwa mavuno yake, akopeshwe bati mwaka huu, na akiisha kulipa, akopeshwe saruji. Kumtwisha mzigo asioweza kuubeba si huruma.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24, haikatazi kukopesha. Yakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ndilo riziki ya mtu. Naye Bwana wetu, katika Luka 14, amtaka ajengaye aketi kwanza ahesabu gharama. Mkopeshaji na mkopaji wote wameagizwa.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutia sahihi tusiulize tu, "Je, nitapewa?" Tuulize pia, "Je, nitalipa, na ni nani atakayeumia nisipolipa?"