Haya ya Mwenye Mizani

Watu wengi wanapozungumza juu ya uaminifu katika biashara huanza na sheria, wakasema kwamba mfanyabiashara mwaminifu ni yule asiyevunja sheria. Mimi naona kwamba jambo hili lina mzizi wa zamani kuliko sheria yoyote iliyoandikwa, na mzizi huo ni haya. Mtu huacha kupunja kibaba si kwa kumwogopa polisi tu, bali kwa kuwa kesho atakutana na yule aliyempunja, kisimani, msikitini, kanisani au matangani. Basi tujiulize, ndugu msomaji: ikiwa haya ndiyo mlinzi wa mizani, mizani ya kampuni, ambayo haina uso, inalindwa na nani?

Tutazame kwanza gulio la kawaida. Mama muuza karanga huketi mahali pale pale kila wiki. Hupima kwa kopo, akalijaza mpaka likafanya kichuguu, kisha akaongeza konzi moja juu yake, nayo huitwa nyongeza. Mgeni hudhani kwamba nyongeza ni zawadi. Si zawadi, wala si sehemu ya bei. Ni kauli isiyotamkwa: huenda kopo langu limepungua bila ya mimi kukusudia, basi chukua hiki, tusidaiane mbele ya Mungu. Kwa wenye maduka nako pana desturi iitwayo mali kauli. Muuzaji wa jumla humkabidhi mchuuzi shehena nzima bila ya hati wala dhamana, akangoja kulipwa mali ikiisha kuuzwa. Mchuuzi akivunja kauli yake, aghalabu hapelekwi mahakamani. Habari zake humtangulia tu, na kesho yake hapati wa kumkopesha hata mfuko wa chumvi.

Ndiyo maana jina la "soko huria" hunichekesha kidogo. Katika gulio hakuna aliye huru. Kila mmoja amefungwa na macho ya mwenzake.

Hata hivyo tusilipambe soko kwa sifa lisizostahili. Makopo hubonyezwa matako yakaingia ndani. Magunia ya lumbesa hujazwa kupita kipimo, yakashonewa kipande juu, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Jambo hili limepigwa marufuku mara nyingi, na bado lipo. Ukichunguza utaona kwamba mwenye kupunjwa mara nyingi ni mgeni, au ni mkulima wa mbali ambaye mnunuzi wake amepita na lori na huenda asirudi tena. Muuzaji yule yule aliye mwema kwa jirani huweza kuwa mwizi kwa msafiri. Haya yake ina mpaka, na mpaka wenyewe ni pale yanapokoma macho ya wanaomjua. Dini ziliutambua udhaifu huu zamani: katika Kurani mna sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na Torati imekataza mawe ya mizani ya udanganyifu. Kwa hiyo wema wa soko hautokani na soko lenyewe. Unatokana na kujuana.

Kampuni, kinyume chake, iliundwa kwa makusudi ili kujuana kusiwe lazima. Mwaka 1855 Uingereza ilitunga sheria ya kumkinga mwenye hisa asidaiwe zaidi ya fedha alizoahidi kutia katika kampuni. Mwaka 1896 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilikata shauri la Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London. Bwana huyu aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, mkewe na watoto wao watano wakiwa na hisa moja moja na yeye akiwa na zilizobaki. Kampuni ilipofilisika wadai walitaka yeye alipe, kwani kwao duka lilikuwa lile lile na bwana alikuwa yule yule. Malodi waliamua kwamba Salomon ni mtu mmoja na kampuni ni mtu mwingine. Sheria za kampuni za Tanzania, Kenya na Uganda zimesimama juu ya msingi huo. Simlaumu fundi viatu. Nataka tumtazame tu huyo mtu wa pili aliyekubaliwa na sheria: anamiliki, anadai na anadaiwa, lakini hana macho ya kuinamisha.

Pwani yetu ilimjua mtu huyo mapema. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, nayo mwezi Agosti ikaanza kupandisha bendera yake mijini na kushika forodha. Watu wa Pangani na Sadani waliinuka chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Vita vilipoizidi kampuni nguvu, serikali ya Ujerumani ilileta askari. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka 1891 serikali ikachukua utawala. Kampuni iliendelea na mashamba na biashara zake. Hakuna mwenye hisa wa Berlin aliyelazimika kuja Pangani kumtazama mjane usoni.

Yamkini msomaji atanijibu kwamba kampuni zimeleta dawa, meli na bei zisizobadilika, hata mtoto mdogo hutumwa dukani akarudi na chenji kamili. Ni kweli, na bei moja kwa wote ni haki ambayo gulio halikuijua. Mwingine atasema kwamba dawa ya kampuni ni mali ya umma. Nia ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikuwa njema, nami ni miongoni mwa waliosomeshwa kwa matunda yake. Lakini kumbadili mwenye mali si sawa na kuipa mali uso. Shirika lililokuwa la wote lilimfanya mkulima azunguke milango ile ile, akiambiwa arudi kesho.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa karani kijana katika ofisi ya wilaya. Siku moja walikuja wazee sita kulalamika kwamba kwenye ghala la kampuni moja ya kununua mazao kila gunia lilikatwa kilo mbili, eti kwa ajili ya unyevu, hata jua la kiangazi liwe kali namna gani. Nilitumwa kuuliza. Mpimaji alisema ni agizo la mkuu wa tawi. Mkuu wa tawi alinionyesha waraka wa makao makuu. Makao makuu walijibu kwa barua kwamba ni uamuzi wa bodi, na bodi ina wajibu kwa wenye hisa. Katika mlolongo huo wote sikukutana na mtu mwovu. Kila mmoja alinikaribisha kiti, na kila mmoja alikuwa na mkubwa wake wa kumtaja.

Niliandika taarifa, ikawekwa katika jalada. Wazee waliporudi niliwaambia kwamba suala lao linashughulikiwa.

"Linashughulikiwa na nani, mwanangu?" mmoja akaniuliza, bila ya hasira.

Nilitaja cheo. Jina sikuwa nalo, na jina langu mwenyewe sikuthubutu kulitaja.

Tangu hapo nimeamini kwamba amri yoyote inayogusa mizani ya mtu ingepasa kubandikwa ukutani penye mizani hiyo, ikiwa na jina na sahihi ya aliyeitoa, na kwamba huyo aliyeitoa angewajibika kufika mwenyewe, japo mara moja kila msimu, akasimama magunia yanapopimwa. Sidhani kwamba hilo lingemwondoa mwenye moyo mgumu. Lakini yule mpimaji, ambaye alizaliwa kijiji cha pili na ambaye peke yake ndiye aliyewaona wale wazee kila siku, msimu ule aliacha kwenda gulioni. Alikuwa akimtuma mwanawe kununua mboga.