Ibada na Jirani

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, na mto Nabuyonga, ambao siku za kawaida mtu huuvuka bila hata kuutupia jicho, ukafurika pamoja na mto Namatala, ukachukua nyumba, magari na roho za watu zaidi ya 20. Kulipopambazuka, saa ambazo waumini huitwa kusali, wako waliokuwa kandoni mwa maji wakiwatafuta jamaa zao matopeni.

Hapo ndipo linapozuka suali ambalo kila kanisa la mji ule hulikuta upya ikumbukwapo siku ile: saa ya sala ikiwadia, na jirani amesimama mlangoni na msiba wake, kipi kitangulie, ratiba au jirani?

Sisemi kwamba ada ya ibada ni kitu duni. Ada ndiyo iliyowazoeza watu kuketi benchi moja, wakajuana kwa majina, wakafahamu nani mjane na nani hana kazi. Na lau isingalikuwako, siku ya dhiki kusingalikuwa na jamaa ya kutumwa. Lakini ada ni mfano wa mtungi: hujazwa Jumapili baada ya Jumapili, si kwa ajili ya kukaa umejaa pembeni, bali ili mwenye kiu atakapobisha hodi uinamishwe. Katika mfano wa Msamaria mwema, wale wawili waliompita majeruhi katika njia ya Yeriko hawakukosa elimu ya dini, walikosa kusimama.

Kadhalika, kuwakumbuka marehemu ni kumfikia aliyebaki: kumwacha mama aliyefiwa amalize maneno yake hata saa ya mahubiri ipite, kumtilia chai, kisha kwenda pamoja naye kuzibua mfereji ulioziba nyuma ya nyumba yake. Wala jirani huyo si lazima awe wa dini yetu. Mbale ina Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988, na kilima cha Nabugoye ni makao ya Abayudaya, Wayahudi ambao jumuiya yao iliasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na maji yanapofurika hayamuulizi mtu kibla chake.

Basi, ewe msomaji, ukisikia hodi katikati ya sala, kafungue mlango kwanza, zaburi itakungoja.