Darubini Inapopoa, Nani Aaminiwe?

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Cesare Cremonini aliambiwa, akakataa. Mwanafalsafa huyo wa Chuo Kikuu cha Padua alikuwa rafiki wa Galileo, ambaye mwaka 1610 alitangaza kwamba sayari ya Mushtarii ina miezi minne inayoizunguka. Cremonini hakutaka hata kuchungulia. Vioo vile, alidai, vingemvuruga akili tu.

Vizazi vimemcheka, ila swali lake si la kitoto. Kioo kikikaa kati ya jicho na nyota, kinachoonekana ni nyota au ni kazi ya kioo?

Chukua darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200 na bomba la alumini la mita 1. Jioni nyota imetulia, ndogo kama ncha ya sindano. Joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selisiasi, bomba hufupika kwa milimita 0.23, na fokasi ya darubini hiyo haivumilii hata nusu ya hapo. Nyota huvimba, ikawa duara la ukungu. Kule juu hakuna kilichobadilika. Bomba la chuma cha kawaida lingefupika kwa takriban nusu ya hapo. La nyuzi za kaboni lisingesogea ila kidogo mno.

Kisha huja umande. Anga ikiwa haina mawingu, bomba na lenzi hupoteza joto kuelekea juu hadi vikawa baridi kuliko hewa iliyovizunguka, na mvuke ukivigusa hugeuka matone. Galileo mwenyewe alionya, Januari 1610, kwamba lenzi isiachwe na ukungu wa pumzi wala wa hewa yenye unyevu.

Hata Hubble, darubini ya angani, haikusalimika. Fremu yake ya nyuzi za kaboni ilichaguliwa kwa sababu haiyumbishwi na joto. Ilipofika angani mwaka 1990, unyevu uliojificha ndani yake ulianza kutoka, fremu ikasinyaa, na wahandisi wakalazimika kusogeza kioo chake cha pili mara kwa mara ili kurudisha fokasi.

Kosa hilo, kama lile la alumini, liligunduliwa na waliotazama. Cremonini alikuwa na haki ya kushuku, ila kwa kukataa kuchungulia alijinyima ushahidi wa shaka yake mwenyewe. Miezi ile minne ingali inaonekana leo kwa darubini ndogo ya mkononi, fokasi ikisharekebishwa na lenzi ikishafutwa.