Dinari Mbili: Deni la Hospitali na Mwili wa Mdeni

Rehani ni kitu ambacho mdeni humkabidhi mdai, au humwachia akizuie, ili kiwe hakikisho kwamba deni litalipwa, na katika fikihi ya Kiislamu sharti mojawapo la rehani ni kwamba kitu hicho kiwe mali inayofaa kuuzwa. Hospitali inapomzuia wodini mgonjwa aliyekwisha kupona mpaka ankara yake ilipwe, au inapokataa kuwapa jamaa maiti yao mpaka hesabu ifungwe, inafanya jambo ambalo kwa lugha ya wahasibu huitwa ukusanyaji wa mapato, ingawa kwa umbo lake ni kuweka rehani kitu kisichoweza kuuzwa wala kumilikiwa na mtu yeyote. Haki ya hospitali kudai malipo yake haina ubishi, kwa kuwa dawa zilinunuliwa na wauguzi wanasubiri mshahara. Lenye ubishi ni kama deni hilo linaweza kuushika mwili wa mtu na, kama haliwezi, ni nani anayepaswa kulibeba pale mwenyewe anaposhindwa.

Swali hilo ni la kale kuliko hospitali zenyewe. Huko Athens, yapata mwaka 594 kabla ya Kristo, Solon alipiga marufuku mikopo iliyochukua mwili wa mkopaji kuwa dhamana, kwa sababu wakulima walioshindwa kulipa walikuwa wakigeuzwa watumwa na kuuzwa ng'ambo. Torati, katika sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, inamkataza mdai kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, na sababu inayotolewa ni nzito kuliko katazo lenyewe, maana mwenye kuchukua jiwe hilo anahesabiwa kuwa ameuweka rehani uhai wa mtu. Wala pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mgeni wa jambo hili, kwani katika njaa za karne ya 19 zilikuwapo familia zilizowaweka watoto rehani ili zipate nafaka, na baadhi ya watoto hao hawakukombolewa, bali waliishia utumwani. Ukale wa desturi hiyo haukuifanya njema. Waliomweka mtoto rehani, hata hivyo, walijua wanachokifanya na walikiita kwa jina lake.

Sheria ya leo, kwa maandishi, imekwisha kujibu. Nchini Uingereza, katika shauri la mwaka 1804, Jaji Ellenborough alilikataa wazo kwamba mdai anaweza kuikamata maiti ya mdeni wake, akiliona kuwa kinyume cha sheria na cha utu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unakataza, katika kifungu cha 11, mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliyoketi Mombasa ilikataa mwaka 1998 kwamba maiti inaweza kushikwa kwa ajili ya deni, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya umma ya uzazi, kwa kukosa pesa za kulipia kujifungua kwao, walinyimwa uhuru wao kinyume cha Katiba. Nchini Burundi, shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2006 ripoti nzima kuhusu wagonjwa maskini waliozuiliwa hospitalini. Na nchini Tanzania viongozi wa sekta ya afya wamekemea uzuiaji wa maiti si mara moja wala mbili, jambo ambalo, kwa mwenye kusikiliza vizuri, ni ushahidi kwamba karipio la kwanza halikutosha.

Desturi inayodumu huku sheria ikiikataza huwa ina mizizi mahali pengine, na mizizi ya hii imo katika namna huduma za afya zilivyogharamiwa. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Bamako, nchini Mali, walikubali mpango ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuwataka wananchi wachangie gharama za dawa muhimu ili zahanati zisikose akiba, na mwaka huohuo Benki ya Dunia ilichapisha hoja zake za kutaka watumiaji walipie huduma. Kenya ilianza kutoza ada katika vituo vya serikali Desemba 1989, ikazisitisha kwa kiasi mwaka uliofuata, kisha ikazirejesha. Tanzania, ambayo tangu Azimio la Arusha ilikuwa imeihesabu tiba kuwa jukumu la taifa, ilianza uchangiaji kwa awamu mwaka 1993. Kila mahali mpango huo ulikuja na msamaha, yaani utaratibu wa kuwaondolea malipo wasiojiweza, lakini mara nyingi msamaha huo haukuandamana na fungu la kuifidia hospitali iliyoutoa. Mganga mkuu aliyesaini karatasi ya msamaha alikuwa, kwa saini hiyohiyo, anapunguza dawa za mwezi unaofuata. Kumlaumu mtunza fedha wa dirishani peke yake ni kumwonea.

Uganda ilichukua njia tofauti ilipofuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001. Wagonjwa waliongezeka, maskini wakiwa mstari wa mbele, lakini dawa zilipokwisha kituoni walilazimika kuzinunua madukani.

Je, hilo linaloitwa deni la hospitali ni deni kwa maana kamili? Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, na husema pia kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, yaani mkopaji huonja raha kwanza ndipo uchungu wa malipo umfike. Methali zote mbili zinamchukulia mkopaji kuwa mtu aliyeridhia, aliyekijua kiasi na aliyeweza kukataa. Mama anayefikishwa usiku akiwa amekwama katika uchungu hakuulizwa bei, wala hangeweza kwenda kulinganisha bei kwingine, na kwake kukopa kwenyewe kulikuwa ni matanga tangu mwanzo. Ridhaa, ambayo ni nguzo ya kila mkataba, hapa ipo kwa jina tu. Hilo halifuti gharama iliyotumika. Linaonyesha, hata hivyo, kwamba deni hili liko karibu zaidi na hasara inayoletwa na moto au mafuriko kuliko mkopo wa dukani, na hasara ya namna hiyo, katika jamii nyingi, haikuachiwa aliyeungua peke yake.

Kuzuia maiti kuna ukatili wake wa pekee, kwa sababu kunafanikiwa kwa kuutumia wema wa watu. Ukoo ambao haukuweza kuchanga wakati mgonjwa yuko hai huchanga akishafariki, kwa kuwa mazishi ni wajibu usioahirishwa: kwa Waislamu ni faradhi kifaya, yaani wajibu unaowaelemea wote mpaka baadhi yao wautimize, na kwa wengine ni heshima ambayo kuivunja ni aibu ya vizazi. Mwenye kuishika maiti anajua kwamba mlango huo wa michango utafunguka, na wakati huohuo ada ya kuihifadhi inaongezeka kila siku inayopita, hivi kwamba rehani yenyewe inazaa deni jipya.

Mapokeo mawili ya dini yanayosomwa sana na Waswahili yanatoa jibu linalofanana kwa namna ya kushangaza. Katika Injili ya Luka, Msamaria anayemwokota majeruhi njiani husifiwa kwa mafuta na divai aliyomtia majerahani, na wahubiri wengi huishia hapo, wakimsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakumwomba mtu huyo afanye kazi bure. Alimpa dinari mbili, akaahidi kulipa ziada yoyote atakaporejea. Katika hadithi za Mtume Muhammad, ililetwa jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa, dinari mbili kwa baadhi ya mapokezi, na Mtume akajizuia kumsalia mpaka sahaba wake Abu Qatada alipojitokeza kulibeba deni hilo. Baadaye, hali ya mali ilipowakunjukia Waislamu, Mtume alitangaza kwamba madeni ya wanaokufa bila cha kulipia yatakuwa juu yake. Dinari hizo si sarafu moja, kwa kuwa ile ya Kirumi ilikuwa ya fedha na ile ya Madina ya dhahabu, lakini hoja ni moja. Deni halikudharauliwa wala mdai hakudhulumiwa, na mwili haukuwa rehani. Alisimama mtu wa tatu. Kusimama huko ndiko wanafikihi wanakokuita dhamana, na tangazo la baadaye linaihamisha dhamana hiyo kutoka kwa mkarimu mmoja kwenda kwa mwenye mamlaka juu ya hazina.

Bima ya afya, kwa mtazamo huo, ni Abu Qatada aliyeandikishwa kisheria. Kenya ilianza mfuko wake mpya wa bima ya jamii Oktoba 2024, ikiwakata waajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, na Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hatua hizo zinastahili sifa, lakini zina tofauti moja na mfano wao wa kale. Bima humdhamini aliyetangulia kuchangia na aliyemo orodhani, na hata huyo humdhamini mpaka kiwango kilichowekwa, ilhali kibarua wa msimu, ambaye kipato chake cha Aprili hakifanani na cha Agosti, ndiye wa kwanza kuchelewesha mchango na ndiye wa kwanza kukutwa nje ya orodha siku anapougua. Maiti iliyoletwa mbele ya Mtume haikuulizwa michango ya nyuma, na Msamaria hakumwekea mwenye nyumba kiwango cha mwisho.